Mwalimu na Biafra, 1968: haki za watu zilipoingizwa kwenye sera ya nje

Tarehe 13 Aprili 1968 serikali ya Tanzania ilitoa tamko la kuitambua Biafra, yaani Mashariki ya Nigeria iliyokuwa imejitenga, kama nchi huru, tukawa wa kwanza duniani kufanya hivyo. Siyo Ufaransa, ambayo ilikuwa inapitisha silaha chini kwa chini, wala siyo Ivory Coast ya Houphouët-Boigny aliyekuwa anaihurumia Biafra kimya kimya. Ni sisi, nchi isiyopakana na Nigeria, haina biashara ya maana na Nigeria, na wala Waigbo, kabila kubwa la Biafra, hawakuwa ndugu zetu wa ukoo wowote. Watu wakianza kubishana kama haki za binadamu zina nafasi kweli kwenye mambo ya nje au ni geresha tu za wakubwa, mimi napenda kuanzia hapa, maana hapa huwezi kusema jamaa alikuwa anafukuzia mafuta.

Na ili uone uzito wake lazima kwanza ujue tulikuwa na deni. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito, kambi ambayo leo ndo Lugalo, Mwalimu akatoweka machoni mwa watu kwa muda, mwishowe ikabidi awaombe Waingereza, wale wale aliotoka kuwaaga juzi tu, waje wawanyang'anye silaha askari wake mwenyewe. Ilikuwa fedheha na yeye mwenyewe aliita hivyo. Sasa nani alikuja kuwapokea Waingereza zamu? Nigeria. Batalioni ya jeshi la Nigeria ilikaa huku miezi kadhaa mwaka ule wakati JWTZ linaundwa upya kutoka chini. Kwa hiyo miaka minne tu kabla ya tamko, wanajeshi wa Lagos ndo walikuwa wanalinda usalama wetu.

Kuna kingine kinachouma zaidi. Julai 1964 kule Cairo, wakuu wa nchi za OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, walipitisha azimio kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru, hata kama ilichorwa na mkoloni akiwa amelewa. Aliyelipeleka azimio lile ni Nyerere. Yaani mtu aliyefunga mlango wa kujitenga ndo huyo huyo akaja kuufungua, tena kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nini kilitokea katikati? Hapa naomba nisiharakishe, kwa sababu wengi wanaijua Biafra kwa picha za watoto wenye matumbo yaliyovimba tu, hawajui ilianzia wapi. Januari 15, 1966 maofisa vijana wa jeshi, wengi wao Waigbo, walipindua serikali, wakamuua Waziri Mkuu Tafawa Balewa, na Sardauna wa Sokoto Ahmadu Bello aliyekuwa anaongoza jimbo la Kaskazini, na Akintola aliyekuwa anaongoza la Magharibi. Waliokufa wengi ni viongozi wa Kaskazini na Magharibi, wale wa Mashariki wakabaki salama, na aliyeishia kushika nchi ni Jenerali Ironsi ambaye naye ni Mwigbo, kwa hiyo Kaskazini wakaisoma kama njama ya kabila moja hata kama waliopindua wenyewe walikuwa wanazungumzia rushwa. Mei Ironsi akatoa amri ya kufuta majimbo na kuifanya nchi iwe na serikali moja, miji ya Kaskazini ikalipuka. Julai 29 likaja pinduzi la kulipiza, Ironsi akauawa, Gowon, ofisa wa jeshi kutoka Kaskazini, akashika nchi. Halafu Septemba na Oktoba ndo yakaja mauaji makubwa kabisa, watu wa Mashariki waliokuwa wanaishi Kano, Kaduna, Jos na kwingineko, makarani, mafundi reli, wafanyabiashara wa sokoni, wakauawa majumbani na vituoni, sehemu nyingine askari wenyewe wakishiriki. Idadi inabishaniwa mpaka leo, wapo wanaosema maelfu machache na wapo wanaosema 30,000. Lisilobishaniwa ni kwamba zaidi ya watu milioni moja walikimbia kurudi Mashariki, wengine wameacha kila kitu, na hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa maana ya kueleweka.

Januari 1967 wakakutana Aburi, Ghana, Gowon na Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Mashariki, wakakubaliana kulegeza serikali ya kati, kila mmoja akarudi kwake na tafsiri yake. Mei 27 Gowon akaigawa nchi katika majimbo 12, Mashariki ikakatwa vipande vitatu na sehemu kubwa ya mafuta ikabaki nje ya eneo la Waigbo. Siku tatu baadaye Ojukwu akatangaza Biafra. Julai vita ikaanza, Oktoba mji mkuu Enugu ukaanguka, na mwezi huo huo kule Asaba wanaume na vijana waliotoka kuwapokea wanajeshi wa shirikisho kwa ngoma na nguo za sherehe walitenganishwa na wanawake wakapigwa risasi kwa mamia.

Hiyo ndo picha iliyokuwa mezani Dar mwanzoni mwa 1968.

Tamko letu lilijenga hoja moja kubwa ambayo naiona bado ni kali kuliko nyingi zinazoandikwa siku hizi na wizara zenye bajeti mara mia ya ile ya kwetu. Lilisema dola haipo kwa ajili ya dola, ipo kwa ajili ya watu walioiunda, na kazi yake ya kwanza kabisa ni kulinda uhai wao. Ikifika mahali mamilioni ya watu hawawezi kuishi salama sehemu kubwa ya nchi yao, na wanaamini kwa sababu wanazoziona kwa macho kwamba serikali haitaki au haiwezi kuwalinda, basi umoja umeshakufa, kilichobaki ni mabavu. Mwalimu akafananisha hali yao na ya Wayahudi wa Ujerumani, watu waliokataliwa ndani ya nchi yao wenyewe, akasema tofauti ni kwamba hawa walau walikuwa na pa kukimbilia. Na akasema kitu ambacho ukikitafakari kinamgusa yeye mwenyewe: umoja hauji kwa kulazimishwa, wenyewe wanaohusika lazima wauone ni wao.

Sasa hapo waandishi wa nje wakambana. Wakamuuliza, na Zanzibar je? Muungano una miaka minne tu, ukikubali Mashariki ya Nigeria ijitoe, Wazanzibari wakitaka kujitoa utasemaje? Aliliambia gazeti la Observer la London mwezi huo huo kwamba wananchi wengi wa Zanzibar wakiamua, bila kuchochewa kutoka nje, kwamba Muungano unahatarisha maisha yao, yeye hawezi kuwapiga mabomu ili wabaki. Wapo Wazanzibari wanaolitumia jibu lile mpaka leo, na wana haki, maana halikuwa na kona.

Lakini marais wenzake wakakasirika kweli kweli, na ukiangalia ramani unawaelewa. Kenya ilikuwa ndo kwanza imetoka kwenye vita ya shifta na Wasomali wa NFD, kaskazini mashariki mwa Kenya, waliotaka kujitenga. Haile Selassie, mwenyekiti wa kamati ya OAU ya kusuluhisha mgogoro wa Nigeria, alikuwa na Eritrea iliyokuwa inapigania kujitoa Ethiopia. Mobutu wa Kongo alikuwa na kidonda cha Katanga, jimbo lililojitenga chini ya Tshombe mwaka 1960. Kila mmoja alikuwa na Biafra yake chumbani, kwa hiyo kwao swali halikuwa wangapi wamekufa Kano, swali lilikuwa nani atafuata. Waliotufuata ni Gabon, Ivory Coast na Zambia, wote Mei 1968, na Haiti mwaka uliofuata. Basi, hao tu. Kuhusu Katanga Mwalimu alijibu kwamba kule ni kampuni za madini zilimsimamisha Tshombe, na huku ni watu wenyewe waliochinjwa. Jibu zuri, ila halimalizi neno, kwa sababu Mashariki hakukuwa na Waigbo peke yao, kulikuwa na Waijaw, Waefik, Waibibio na wengine ambao wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kuwa Wabiafra, na mafuta mengi yalikuwa chini ya miguu yao. Hapo tamko letu lilipita haraka mno. Ukisema umoja ni ridhaa, ridhaa ya walio wachache ndani ya Biafra nayo ilitakiwa kuhesabiwa.

Halafu angalia tulijikuta tumekaa na nani. Biafra ilikuwa inasaidiwa na Ureno ya Salazar, ndege zikipitia São Tomé na Lisbon, wakati huo huo Tanzania inawalea FRELIMO wanaopigana na Ureno hiyo hiyo Msumbiji. Makaburu nao walikuwa na mkono wao mle. Upande wa Lagos walikaa Uingereza na Urusi wakiuza silaha kwa pamoja, kitu cha ajabu kwa wakati ule. London sababu yao ilijulikana: mafuta ya Shell-BP, na hofu kwamba wakisita kuuza Moscow atachukua nafasi yote. Nixon alipokuwa anagombea urais Septemba 1968 alisema wazi kwamba Waigbo wanaangamizwa na Marekani isikae kimya, alipoingia ofisini akaendelea na Nigeria moja kama mtangulizi wake. Hiyo sina la kuongeza, ndo kawaida yao.

Mimi swali langu kubwa kwenye kisa hiki siyo kama Mwalimu alikuwa na nia njema, alikuwa nayo. Swali ni je, kuitambua serikali ilikuwa ndo dawa ya ugonjwa aliouona? Ugonjwa ni watu kuuawa na baadaye kufa njaa. Dawa aliyotoa ni bendera kutambuliwa. Hivyo ni vitu viwili, na nadhani kosa la uchambuzi lilikuwa hapo.

Tazama suala la chakula. Mei 1968 Port Harcourt ilichukuliwa na Biafra ikabaki haina bahari. Eneo lile lilizoea kununua nyama kutoka Kaskazini, chumvi kutoka pwani, na samaki wakavu wa Norway ambao Waigbo wanawapenda mpaka leo. Vyote vikakatika kwa mpigo, mihogo ikawepo lakini protini hakuna, watoto wakaanza kuvimba miguu na nywele kugeuka rangi ya kutu, ile kwashakoo tuliyofundishwa shuleni. Njia iliyobaki ni angani. Uli, kiwanja cha ndege cha Biafra, ilikuwa ni kipande cha barabara ya kawaida kilichopanuliwa kidogo, ndege zinatua usiku tu, taa za pembeni zinawashwa rubani akishakaribia kabisa na kuzimwa akigusa ardhi, maana juu kuna ndege ya Nigeria inasubiri kudondosha bomu. Makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, waliendesha safari zaidi ya 5,000 kwa mtindo huo, wakileta samaki wale wale wa Norway, chumvi na maziwa ya unga. Wapo marubani waliokufa pale.

Kwa nini ilibidi iwe usiku? Kwa sababu pande mbili zilikataa njia za mchana. Lagos ilitaka chakula kipite nchi kavu au kwa ndege za mchana zinazokaguliwa kwao kwanza, na baadhi ya wakubwa wa serikali ya shirikisho walitetea hadharani kwamba njaa ni silaha halali vitani. Juni 1969 wakaitungua ndege ya Msalaba Mwekundu. Ila Ojukwu naye alikataa njia ya nchi kavu, akisema chakula kitatiwa sumu na barabara itatumiwa na mizinga, na wengi wanaamini, na mimi nikiwemo, kwamba alikuwa pia anaogopa kupoteza kile kiwanja, kwa sababu giza lile lile lililoficha maziwa lilificha na risasi. Sasa kiongozi wa aina hiyo, mnapompa utambuzi wa kidiplomasia bila sharti hata moja kuhusu raia wake kula, mnakuwa mmempa sababu ya kukaza. Mwezi mmoja baada ya tamko letu kulikuwa na mazungumzo Kampala, Obote akiwa mwenyeji, yakavunjika ndani ya siku chache. Sisemi tamko ndo liliyavunja, Lagos walienda wakiwa wanashinda vita na hawakuwa na haraka yoyote ya kulegeza. Ila Biafra nao walienda na moyo wa watu ambao wameanza kutambuliwa, wanasubiri wa tano na wa sita. Hawakuja, isipokuwa Haiti.

Ingekuwaje kama Tanzania ingesema: hatutambui mtu, ila tunataka kila siku chakula kipite, na yeyote anayekizuia, awe Gowon awe Ojukwu, tutamtaja kwa jina kila kikao cha OAU na cha Umoja wa Mataifa? Labda lisingesikika kabisa, kubali hilo. Tamko la Aprili lilisikika kwa sababu lilivunja mwiko. Lakini angalau lingekuwa linalenga palipouma.

Na kuhusu hofu yenyewe kwamba Waigbo wakishindwa watamalizwa, hapa lazima tuwe wakweli kwa pande zote. Waangalizi wa nje walioalikwa na Lagos mwaka 1968 waliripoti kwamba hawakuona ushahidi wa mauaji ya kimbari kwenye maeneo waliyotembezwa, na vita ilipoisha Januari 1970 hapakuwa na uchinjaji uliotabiriwa, Gowon alisema hakuna mshindi wala mshindwa, na kwa kiasi kikubwa askari wake hawakulipiza. Hilo ni la kumpa haki yake. Ila ukimwambia Mwigbo kwamba hakukuwa na mshindwa atakukumbusha pauni 20, kwa sababu baada ya vita wenye akaunti benki zilizotumika wakati wa Biafra walilipwa kiwango kimoja cha pauni 20, uwe ulikuwa na mia uwe ulikuwa na elfu kumi, na nyumba zao Port Harcourt zikaitwa mali iliyotelekezwa wakanyang'anywa. Waliokufa katika ile miezi thelathini, wengi kwa njaa, makadirio yanaanzia laki tano mpaka milioni tatu. Kwa hiyo Mwalimu alikosea kuhusu mwisho, hakukosea kuhusu hatari.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo mashabiki wa Mwalimu, na mimi ni mmoja wao, huwa tunaipita kama hatujaiona. Septemba 1969 alienda Addis Ababa na waraka aliouandika mwenyewe kuhusu Nigeria na Biafra akawagawia wakuu wenzake, akiwasihi kwamba Afrika haiwezi kulaani mauaji ya Makaburu ikafumba macho Mwafrika akiuawa na Mwafrika. Maandishi mazuri mno. Mwaka huo huo, 1969, Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa mkubwa serikalini Zanzibar baada ya mapinduzi na waziri wa Muungano baadaye, pamoja na Othman Shariff aliyewahi kuwa balozi wetu Marekani, walikamatwa bara wakapelekwa Zanzibar kwa Karume, wakauawa, bila kesi ya wazi. Serikali iliyowapeleka ni ile ile iliyoandika tamko la Aprili. Na Sheria ya kuweka watu kizuizini ya 1962 ilikuwa inafanya kazi muda wote huo.

Jibu linalotolewa ni kwamba Karume alikuwa hashikiki, ukimgusa Muungano unavunjika na Vita Baridi inahamia Unguja. Inawezekana kabisa. Lakini angalia hilo jibu limekaaje: ni hoja ile ile ya Gowon. Umoja kwanza, watu baadaye. Nigeria ilikuwa mbali, kusema kweli kuhusu Nigeria kulitugharimu urafiki na kelele za OAU, Zanzibar ilikuwa kilomita sabini na kitu kuvuka maji na kusema kweli kungegharimu nchi. Mimi sisemi kwa hiyo tamko la Biafra lilikuwa unafiki, wapo wanaosema hivyo na naona wanarahisisha. Nasema nguvu ya hoja ya haki kwenye sera ya nje ilipungua kadri inavyokaribia nyumbani, na hiyo siyo tabia ya Mwalimu peke yake, Washington na London wanaijua vizuri sana.

Kilichobaki Biafra kilitawanyika. Juni 1969 Ojukwu alitoa Azimio la Ahiara ambalo ukilisoma unasikia Arusha ndani yake. Daktari Mfaransa Bernard Kouchner, aliyefanya kazi kule chini ya Msalaba Mwekundu, alirudi amekasirishwa na kanuni ya kukaa kimya, na mwaka 1971 yeye na wenzake wakaanzisha Madaktari Wasio na Mipaka. Nigeria na sisi tukaja kupatana, miaka ya sabini Lagos ikawa inachangia ukombozi wa kusini kiasi kwamba ikahesabiwa kama nchi ya mstari wa mbele japo iko mbali nao kabisa.

Na Mwalimu? Alijifunza, ila nadhani alijifunza lugha zaidi kuliko kitu kingine. Mwaka 1975 OAU ilipoenda kukutana Kampala na Amin akapewa uenyekiti, Tanzania ilisusa na kutoa tamko lenye hoja zile zile za Addis, kwamba rangi ya muuaji isiwe kinga. Lakini vita ya Kagera ilipokuja, Oktoba 1978, hakurudia kosa la kusimama juu ya haki za binadamu peke yake. Alisema tumevamiwa, na tulikuwa tumevamiwa kweli, na majeshi yalipovuka mpaka kwenda mbele akaeleza kwamba kuna vita mbili, ya Tanzania kumpiga mvamizi na ya Waganda kumng'oa dikteta wao. Watu laki kadhaa waliouawa na Amin wakabaki nyuma ya hoja, siyo mbele yake, hata kama kila mtu alijua walikuwepo.

Haikusaidia sana. Julai 1979 kule Monrovia alisimama Nimeiri wa Sudan akailaumu Tanzania kwa kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na aliyemuunga mkono kwa sauti ya juu ni kiongozi wa Nigeria, Jenerali Obasanjo, ambaye miaka tisa na nusu nyuma, akiwa kanali, ndo aliyeongoza jeshi lililopokea kusalimu amri kwa Biafra. Aliyesimama kuitetea Tanzania ni Binaisa, rais mpya wa Uganda, akiwauliza wenzake walikuwa wapi miaka yote ile.